Sigara Baada ya Kidonge

Asubuhi ya Jumamosi, katika ua mmoja wa Kansanga, hapa Kampala, nyuma ya maduka ya barabara ya Ggaba, mambo yalikuwa shwari. Mama Valère alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Binti yake Kahambu alikuwa ametandika mkeka, anakunja vitenge vya kwenda kutembeza. Na Valère mwenyewe, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, alikuwa amekaa mlangoni juu ya dumu la njano lililopinduliwa, ananyoosha pindo za vitenge kwa kiganja. Hakuna aliyejua kukunja kitenge kama Valère. Wateja walidhani vimepigwa pasi.

Mama akaweka mchi pembeni. Akachukua kikombe cha maji na kidonge.

"Papa, saa yako," akamwambia mwanawe, maana ndivyo akina mama wa kwetu Kongo wanavyomwita mtoto wanayempenda.

Valère akameza. Akafungua mdomo, akainua ulimi, mama akachungulia ndani kama mtu anayetazama iwapo chungu kimeoshwa vizuri. Halafu Kahambu akatoa sigara mfukoni mwa aproni yake, akampa kaka yake. Moshi ukapanda. Mchi ukaendelea.

Ndugu zangu, mngepita pale asubuhi ile mngesema: watu hawa wamepumzika. Na kweli walikuwa wamepumzika. Ila ngoja niwaeleze hicho kidonge na hiyo sigara vilikutana wapi.

Walipokimbia vita vya Beni, kule Kongo, Valère aliharibikiwa na akili njiani. Alisikia redio zikitaja jina lake. Alisema kuna mwanaume amejificha darini, hata kwenye nyumba isiyokuwa na dari. Walipofika hapa akalazwa wodi ya wagonjwa wa akili, na huko wodini ndiko alikojifunza kuvuta. Wagonjwa wakongwe walikuwa nazo sigara, na aliyefagia vizuri alipewa moja. Alipotoka, alitoka na mfuko wa vidonge na kiu ya moshi.

Vidonge alivikataa. Alivitema nyuma ya mlango, alivificha kwenye soksi. Akaanza tena kuikimbia redio ya jirani, siku moja akaikimbia mpaka katikati ya barabara, magari yakapiga breki. Wanaume wa uani wakamfunga kamba. Kahambu ndiye aliyemshika miguu. Toka siku hiyo moyo wa Kahambu ulikufa ganzi, na haukuzinduka vizuri tena.

Hapo mama akabuni njia yake. Meza kwanza, nione, halafu uvute. Ikafaulu. Sauti zikapungua, kamba ikarudi kazi yake ya kuanika nguo. Tusimhukumu mama huyu haraka. Wangapi kati yetu tungekuwa na akili nyingine?

Asubuhi ile ya sombe, Komakech, kijana wa boda anayeegesha pikipiki yake kwenye kona, alipita uani kuchota maji.

"Valère! Redio imesema nini leo?"

"Imesema Komakech aoge kabla hajabeba abiria."

Ua mzima ukacheka. Valère naye akacheka, na kicheko chake kikageuka kikohozi. Wengine walimaliza kucheka, yeye akaendelea kukohoa. Aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Alipoinuka, macho yalikuwa mekundu.

"Mama," akasema, "kuna mtu amekaa kifuani mwangu."

Mchi ukasimama.

"Mtu gani, Papa?"

"Simjui. Mzito. Nikipanda ngazi za kanisa ananikalia, hewa haipiti."

Mama akamtazama Kahambu, Kahambu akamtazama mama. Wote wawili walimkumbuka yule mwanaume wa darini.

Jumatatu wakampeleka kliniki anakochukulia dawa. Mama ndiye aliyezungumza, kama kawaida.

"Daktari, ugonjwa umerudi. Anaona mtu."

"Anamwona wapi?"

"Kifuani kwake."

"Daktari," Valère akasema, "mimi nimesema kifua."

"Sawa, sawa. Dawa itakusaidia." Daktari akaongeza dozi: asubuhi kidonge, jioni kidonge. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yao. Hakuna aliyeweka sikio kwenye kile kifua. Hakuna aliyeuliza kuhusu moshi, na mama hakutaja, maana kwake ile haikuwa sigara, ilikuwa sehemu ya dawa.

Basi mnaona wenyewe kilichofuata. Kidonge kilipoongezeka, sigara nayo iliongezeka. Na sigara ya katikati ya mchana ikaongezwa, ya kumtuliza asifikirie sana huyo mtu. Kila asubuhi Kahambu alikwenda kwenye kiduka cha Wahabi, Mnubi mmoja mpole anayeuza sukari ya kupima na sigara za rejareja. Hakuwa anahitaji hata kusema. Wahabi alizitoa, yeye alizitia aproni. Kama ungemuuliza anawaza nini njiani, angekwambia hawazi kitu, na angekuwa anasema kweli.

Siku moja yeye na kaka yake walikwenda mjini, Nakivubo, kuchukua vitenge vipya. Zamani Valère alibeba furushi kichwani huku anapiga mluzi. Safari hii hawakufika mbali. Aliegemea ukuta wa duka, furushi likateleza, watu wakampita wakidhani amelewa.

"Pumzika, Yaya," Kahambu akamwambia, maana kwetu kaka mkubwa anaitwa Yaya.

"Kahambu. Mimi nataka kuacha hii kitu."

"Kitu gani?"

"Sigara. Huyu mtu anakuja na moshi. Nikivuta, anazidi kunikalia."

"Ukiacha, dawa utameza na nini?"

"Na chai." Akajaribu kutabasamu. "Mimi ni kichaa, mdogo wangu. Si mjinga."

Kahambu alibeba furushi mwenyewe mpaka kwenye kituo cha teksi. Jioni, Valère alipokwenda kunawa, akamweleza mama.

"Usimsikilize," mama akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo sigara ndiyo inayoshika dawa. Akiacha sigara, ataacha kidonge. Akiacha kidonge, atarudi barabarani. Unataka tumfunge kamba tena? Utamshika miguu tena, weye?"

Kahambu akalifungua furushi, akaanza kuhesabu vitenge.

Mama Tresor, jirani wanayesali naye kanisa moja, alikuwa mlangoni, na yeye akatia neno. "Muacheni maskini ya Mungu. Mke hana, kazi hana. Hata moshi mnataka kumnyima? Ndiyo starehe yake peke yake."

Watu wengi wazuri wamesema maneno hayo. Mimi nimeyasikia uani, kanisani, hata kliniki. Yanasikika kama huruma. Lakini Valère alikuwa amekwisha sema mwenyewe anachotaka, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Kesho yake alimeza kidonge, akainua ulimi, akapokea sigara. Alipofika katikati akaizima kwenye sakafu, akampa Kahambu kipande kilichobaki.

"Leo nusu inatosha. Niwekee. Kesho tutaona kama robo."

Kahambu akaishika. Ilikuwa bado ya moto kidogo. Valère akarudi kwenye vitenge vyake, lakini mikono haikutulia. Goti likaanza kucheza. Akaukunja mkunjo, akaukunjua, akaukunja. Akasimama, akazunguka ua, akawa anasema peke yake chini chini. Kahambu alikuwa mtu wa kutazama, toka utoto wake, na alitazama vizuri. Aliona midomo inatikisika. Aliona mguu mmoja umeelekea barabarani. Hakusikia kwamba kaka yake alikuwa anaimba wimbo wa kwaya ili kupitisha muda. Alichosikia ni breki za magari ya siku ile.

Akamfuata. Akamwekea kile kipande midomoni. Akawasha kibiriti.

Valère alimtazama. Hakuwa na hasira. Akavuta.

"Aksanti, mdogo wangu," akasema.

Hakuzungumzia tena habari ya kuacha.

Mvua za mwaka huo zilikuja na baridi. Homa ikamshika. Akawa halali chali, analala amekaa, ameegemea ukuta, na kila pumzi inapita kwa kelele kama inakwaruza mlango. Siku aliposhindwa kukunja hata kitenge kimoja, Komakech alimpakia kwenye boda, Kahambu nyuma yake akimshikilia, wakaenda hospitali, mama akiwafuata kwa boda nyingine. Komakech hakufanya mzaha hata mmoja njia nzima.

Nesi aliyewapokea aliitwa Akwero, mwanamke mrefu asiyekuwa na haraka. Alipoambiwa huyu ni mgonjwa wa akili, hakurudi nyuma. Aliweka kipimo chake kifuani kwa Valère, mbele na mgongoni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anavuta?"

"Kidogo," mama akasema.

"Si kidogo," Kahambu akasema. Mama akamgeukia. "Si kidogo, Sista. Sisi ndio tunampa. Tunampa ili ameze dawa."

Nesi hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Aliwaeleza taratibu kwamba ni nimonia, na kwamba nimonia imekuta mapafu yamechakaa kama ya mzee.

"Hakuwahi kusema anaumwa?"

"Alisema kuna mtu amekaa kifuani."

"Eh," nesi akasema. "Hata mwenye akili zake kamili anasema hivyo hivyo kifua kikimbana."

Mama alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake, anaizungusha kidoleni. "Sista, kama angeacha sigara, akili isingeharibika zaidi?"

"Siku za kwanza anahangaika, ndiyo. Mikono inatetemeka, anazungukazunguka, hana usingizi. Hiyo ni kiu ya sigara, si lazima iwe kichaa kimerudi. Wagonjwa wetu wengi wanaacha. Tunakaa nao karibu. Daktari anatazama vidonge upya, kwa sababu moshi unabadilisha nguvu ya baadhi ya dawa. Tunakwenda polepole. Wengine wanaanza na nusu."

"Nusu," Kahambu akasema.

"Nusu, ndiyo. Halafu robo."

Kahambu akatazama dirisha. Nje kulikuwa na mtu anauza ndizi mbivu, na mwingine anabishana naye bei. Aliwatazama mpaka wakamaliza.

Valère alikaa na mpira wa kupitishia hewa puani. Mama alikaa naye kitandani, akamfuta jasho, akamuuliza kama mtu anayemuuliza mtoto mdogo, "Papa, yule mtu bado amekaa?"

"Bado," Valère akasema. Akapumzika kidogo ndipo akaendelea. "Lakini sasa na nyinyi mnamwona."

Hilo ndilo neno lake la mwisho tunaloweza kulisimulia. Hakutoka kwenye wodi ile akiwa hai.

Wakamzika. Kwaya iliimba, Mama Tresor alilia kwa nguvu, watu walisema alikuwa amepumzika sasa. Kahambu hakulia. Alisimama pale kama mti wa umeme, na wanawake wakasema huyu binti ana moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Ulikuwa umelala toka siku ya kamba, na hakuna aliyekuwa ameuamsha.

Siku ya kwanza baada ya wageni kuondoka, Kahambu aliamka, akafunga aproni, akatoka. Miguu yake ilimpeleka kwa Wahabi. Wahabi, bila kuinua macho, akaweka sigara juu ya meza. Ndipo akaona uso wa mteja wake.

"Astaghfirullah. Dada Kahambu, nisamehe. Mkono umezoea."

"Usijali," Kahambu akasema. "Na mimi miguu imezoea."

Akarudi mikono mitupu. Alipoingia uani akamkuta mama yake mlangoni, amesimama mbele ya lile dumu la njano, ameshika kikombe cha maji. Ilikuwa saa ile ya kidonge. Wakatazamana. Mama hakuwa na kidonge, binti hakuwa na sigara, na dumu halikuwa na mtu.

Mama akakaa juu ya dumu. Akanywa yale maji yeye mwenyewe, polepole, mpaka yakaisha. Kahambu akaketi mkekani, akavuta kitenge kimoja, akajaribu kukikunja kama kaka yake alivyokuwa anakunja. Pindo hazikukutana.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mgonjwa wa akili ana kifua kama chako. Ana meno, ana moyo, ana mapafu, na vyote vinauma. Akisema anaumwa, msikilize kwanza kabla hujasema ni kichaa kinaongea, na ukimpeleka kliniki, mwache azungumze yeye mwenyewe, tena utaje na sigara.

Usimlipe mgonjwa kwa moshi. Wala yule anayepigana na pombe au dawa za kulevya usimwambie, "Hiyo acha, lakini sigara endelea." Ukifunga sigara na kidonge pamoja, siku ya kufungua kimoja utaogopa vyote viwili, kama walivyoogopa mama huyu na binti yake. Fungua mapema. Waombe wahudumu wa afya wakusaidie kupunguza, na usimwache apunguze peke yake, wala usimkatie vidonge kwa akili yako. Siku za kutetemeka zipo. Kaa naye, imba naye, mpe kazi ya mikono, mpikie chai. Zinapita.

Na wewe unayesema ni starehe yake peke yake, mtafutie nyingine.

Mama Valère na Kahambu hawakumchukia mtu wao. Walimpenda, na waliogopa, na woga ndio uliowasha kile kibiriti. Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu. Siku ndugu yako akizima sigara katikati, akakunyooshea kipande kilichobaki, usimrudishie. Ipokee ile nusu.