Miaka Miwili ya Melkizedeki

Ndugu zangu wa Chome, na ninyi mlioshukia Same mkatusahau, nawaletea habari ya nyumba ya jirani zangu. Wenyewe wameniruhusu kuisimulia, mmoja kwa moyo mweupe na mwingine kwa kununa.

Jumapili moja, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, tulikuwa uani kwa Melkizedeki tumetoka kanisani. Makande yalikuwa yameiva, ukungu wa mlima Shengena umeondoka, na hata sukari ya chai ilikuwapo, wakati miaka michache nyuma tuliipangia foleni. Mkewe Justa, mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi, alikuwa akicheka. Kisha akatoa habari yake.

"Baba Esta, nimesikia chuo kikuu kina mtihani wa watu wazima waliokwisha kufanya kazi. Hata kama hukufika kidato cha sita, ukifaulu unaingia. Na mafunzo yetu ya ualimu wanayatazama. Nataka kujaribu."

Melkizedeki akaweka kijiko chini. "Nyumba moja haiwezi kuwa na wanafunzi wawili, mama Esta. Mimi kwanza. Wangu ni mwaka mmoja tu umebaki."

Hapo niwaeleze. Melkizedeki alisoma chuo kikuu miaka miwili, akafaulu vizuri, hilo hakuna anayelipinga. Baba yake alipofariki, aliomba kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja ili aiweke nyumba sawa. Mwaka ukaisha. Mitumba ikaingia, akafungua kibanda Same mjini, biashara ikachangamka, chuo akakisahau. Mitumba ilipojaa kila kona kibanda kikafa, akapanda mlimani, na ndipo chuo kilipomrudia kichwani, lakini kama sifa tu. Tulimwita Profesa, naye akaitika. Alipotakiwa kufundisha shule ya msingi alisema yeye ni mtu wa digrii. Pembe ya msaragambo ilipolia, sote tukatoka na majembe kwa kazi ya pamoja ya kutoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, yeye alibaki barazani na redio yake. Jembe la nyumba ile lilishikwa na Justa, akitoka darasani.

Ukimuuliza atarudi lini chuoni, alikuwa na jibu lake tayari. "Miaka yangu miwili ipo palepale. Ni kama shamba la ukoo. Hata likilala, nani atalichukua?" Nasi tulicheka tukakubali, kwa kuwa huku kwetu mashamba ni hivyo kweli.

Justa hakuacha. Alikuwa na ng'ombe aliyemnunua kwa mshahara wake, mshahara wenyewe ule unaokuja ukipenda, akamtenga kwa ajili ya gharama za mtihani. Kila mtu nyumbani alijua hivyo.

Ndipo kanisa likaamua kufungua sekondari huku mlimani, likatafuta mkuu wa shule mwenye digrii. Mchungaji akamwambia Melkizedeki, "Maliza huo mwaka, nafasi ni yako." Loo, mtu akaamka! Siku ya mnada ng'ombe wa Justa akashushwa akauzwa, na mwenyewe hakuulizwa.

"Ni wa nyumba," Melkizedeki alisema. "Nikirudi na digrii nitakununulia wawili."

Justa alilia jikoni kwangu. Usajili wa mtihani ukampita mwaka ule, huku mumewe akipanda lori la maharage na suti yake ya mitumba.

Hakukaa sana. Chuoni walimpokea kwa heshima, wakalikuta jina lake, na alama zake zilikuwa safi. Tatizo lilikuwa muda. Walimweleza kwamba masomo ya zamani huhesabiwa, mradi hayajapita miaka iliyowekwa, na yake yalikuwa yamepita. Ruhusa yake ilikwisha bila yeye kuomba iongezwe. Akitaka kusoma aanze upya, mwaka wa kwanza, na njia ya karibu ilikuwa ule ule mtihani wa watu wazima.

"Wamenidhulumu!" alifoka uani aliporudi. "Shamba nimelilima mwenyewe, leo naambiwa si langu!"

Justa alikuwa akipepeta maharage. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipandisha sauti kabla ya siku ile.

"Si shamba, baba Esta. Ni zamu ya maji. Zamu yako ilifika, wewe ukawa Same unauza makoti. Hukufungua mfereji, maji yakaenda kwa wengine. Na zamu yangu mimi umeifunga kwa mkono wako."

Aliingia ndani akawasha redio.

Mwaka uliofuata Justa aliuza maharage, na sisi walimu wenzake tukamchangia. Akamwambia mumewe, bila kinyongo, waende wote wakafanye mtihani. Melkizedeki akasema hawezi kupangwa chumba kimoja cha mtihani na walimu wa darasa la pili. Hata mchungaji alimbembeleza, akagoma. Ile nafasi ya ukuu wa shule ikapewa mgeni kutoka Msangeni.

Justa akafaulu. Mafunzo aliyoyapata kazini yalitambuliwa, akasamehewa baadhi ya masomo. Aliporudi likizo tulikaa uani palepale, tukila makande. Melkizedeki akasogeza kigoda.

"Mama Esta, siku hizi mwaka wa kwanza mnasoma nini?"

Justa akamweleza kwa upole, somo moja moja. Alisikiliza muda mrefu, kijiko mkononi. Nilimwonea huruma, nakiri.

"Hayo," alisema mwishowe, "sisi hatukuyasoma."

Pembe ya msaragambo ilipolia tena, alitoka na jembe. Mtu mmoja akamwita Profesa. Hakuitika.

MAFUNZO

Ndugu zangu, ulichojifunza ni chako, lakini chuo hakikuwekei mlango wazi maisha yako yote. Ukiahirisha masomo, uliza mapema ni yapi yatahesabiwa na mpaka lini, na ruhusa ikikaribia kwisha iombee nyongeza. Nawe uliyefanya kazi miaka mingi ukadhani umechelewa, kaulize pia. Huenda kazi yako na mafunzo yako vikakuingiza chuoni. Na katika nyumba, asiyetembea asimzibie njia mwenzake. Melkizedeki alipoteza miaka miwili, na ilikuwa yake. Ule mwaka mmoja wa Justa haukuwa wake kuupoteza.