Kiti cha Kupigia Picha

Lemomo alimtangaza Ernesta mbele ya soko zima kabla hata hajajua jina lake.

Ilikuwa siku ya gulio mjini Same, jua limekaza na vumbi limepanda mpaka kwenye mafungu ya vitunguu. Lemomo alikuwa kijana wa Kimaasai kutoka upande wa Makanya, mwenye pikapu kuukuu iliyofungwa spika mbili juu. Alipita mitaani akitangaza misiba, minada, chanjo za mifugo na mikutano ya wakubwa. Ernesta alikuwa binti wa kijiji cha Suji, juu mlimani. Kila gulio alishuka na ndizi na kuzipanga chini, ukingoni mwa barabara, maana hakuwa na kizimba cha kuuzia sokoni.

"Tangazo, tangazo," Lemomo alisema kwenye kipaza sauti. "Dada mwenye gauni la kijani na kilemba cha njano, ndizi zako zimeingia barabarani. Naomba njia, mrembo."

Watu wakacheka. Ernesta akashika magongo yake mawili, akasimama. Mguu wake wa kushoto uliishia gotini, tangu lori lilipopinduka kwenye kona za mlimani akiwa msichana mdogo.

"Wewe baba spika, mimi niko hapa toka alfajiri. Wewe umefika sasa hivi. Nani ampishe mwenzake?"

Lemomo akazima injini. Hakusema pole, wala hakuruka kumnyang'anya mkungu mkononi kama wafanyavyo watu wenye haraka ya kuonekana wema.

"Nakusubiri," alisema. "Ukitaka mkono wangu, niambie."

Akakaa kwenye bampa mpaka Ernesta alipomaliza kuzisogeza. Waliopiga honi nyuma aliwaonyesha kiganja watulie. Saada, mama lishe wa jirani, aliliona jambo hilo akaliweka moyoni.

Jioni simu ya Ernesta ikaita.

"Takwenya, mama ndizi," Lemomo alimsalimia Kimaasai.

"Iko," aliitikia. "Namba yangu umeitoa wapi?"

"Saada kaniuzia kwa sahani ya wali."

"Kumbe mimi bei rahisi hivyo!"

"Wali nyama, kipenzi. Sikukununua kwa maharage."

Basi wakapendana. Lemomo alikuwa akimletea Ernesta maziwa ya mgando kutoka kwao, naye akimwekea ndizi mbivu zisizo na doa. Wakitembea, Lemomo alifuata mwendo wa magongo bila kujionyesha kwamba anapunguza hatua.

Wakati huo soko jipya lilikuwa linakamilika. Sheria ya nchi inakataza kuwabagua watu wenye ulemavu, na sheria yenyewe ni nzuri. Shida ni mikono inayoishika. Vizimba vichache karibu na lango vilitengwa kwa ajili yao, na kazi ya kuvigawa ukapewa Mradi wa Tuinuane. Msimamizi wake alikuwa Bwana Melkizedeki, mtu wa suti ya kijivu na uso wa anayetoa sadaka kwa fedha ya mwenzake. Ofisi yake ya watu wenye ulemavu aliiweka ghorofani, ngazi tupu.

Ernesta alizipanda zote. Alifika amelowa jasho mgongoni.

"Umekujaje?" Bwana Melkizedeki aliuliza.

"Nimetembea."

"Unaona? Tatizo ndilo hilo. Unatembea."

"Kwa magongo, baba. Mguu sina."

"Naona. Lakini mgeni rasmi hawezi kusafiri kote huko aje kumkabidhi kizimba mtu aliyesimama. Picha haitaongea. Siku hiyo utakaa kwenye kiti mwendo, utashukuru, utapewa ufunguo."

"Kiti mwendo situmii."

"Kizimba je, hutumii?"

Ernesta aliposhuka alimpigia Lemomo, ambaye ndiye aliyekodiwa kuwa mshehereshaji wa siku hiyo.

"Kaa tu, mpenzi," Lemomo alisema. "Picha moja, basi. Mimi nataka upate kivuli. Jua la pale barabarani linakuchoma nikiona."

"Hata wewe, Lemomo?"

"Nakuomba."

Lilikuwa pendo, lakini pendo lenye haraka. Ernesta akakubali kwa sababu aliyeomba alikuwa yeye.

Siku ya makabidhiano alivaa kitenge cha bluu alichokipiga pasi mara mbili. Magongo yake yalifungiwa kwenye buti la gari jeupe la Bwana Melkizedeki, eti yasiharibu picha. Jukwaa la kuwaenzi watu wenye ulemavu lilijengwa lenye ngazi, kwa hiyo wanaume wanne wakamnyanyua na kiti chake kama kochi linaloingizwa nyumbani. Mgeni rasmi akampapasa kichwa. Kisha Lemomo akapewa karatasi asome, naye akasoma kama alivyozoea kusoma matangazo yote, mdomo ukitangulia akili:

"Na sasa ni zamu ya mnyonge wetu Ernesta, ambaye maisha yake yote hajawahi kupiga hatua!"

Alipolisikia neno lake mwenyewe likirudi kutoka kwenye spika, tayari watu walikuwa wanapiga makofi. Ernesta alimtazama, kisha akatazama pembeni.

Ufunguo haukutolewa, walisema utafuata. Kiti nacho kilihitajika mjini Mwanga mchana huohuo kwa picha nyingine, kwa hiyo wakamshusha Ernesta kwenye nyasi, wakakipakia wakaondoka. Gari jeupe likaelekea Makanya kwenye chakula cha wageni, magongo yakiwa ndani. Hakuna aliyekumbuka. Mradi mzima wa watu wenye ulemavu ulikwenda kula na kumwacha mlemavu chini.

Lemomo akaja mbio. "Ernesta, nikubebe?"

"Usiniguse! Umenitangaza kama msiba."

Saada alifika, akatandika kanga, akaketi karibu na Ernesta na ungo wa mchele. Akaanza kuchambua bila kuuliza neno, ili wapita njia waone wanawake wawili wanapumzika, si mmoja aliyetelekezwa.

Lemomo aliendesha mpaka Makanya. Aliwakuta uani kwenye hoteli moja, mbuzi mezani. Akasimamisha pikapu getini, akafungua spika zote mbili.

"Tangazo, tangazo! Mwenye gari jeupe, umeondoka na magongo ya mtu. Mwenyewe amekaa kwenye nyasi Same, hawezi kwenda hata msalani mpaka umalize mbuzi wako. Mgeni rasmi naomba asikie vizuri!"

Malori yalipunguza mwendo barabarani. Bwana Melkizedeki alitoka mbio, mafuta yakimng'aa kidevuni.

"Wewe kijana, kazi kwetu umemaliza!"

"Nimemaliza. Lete magongo."

Ernesta aliyapokea bila asante, akaenda zake. Simu za Lemomo ziliita bila kupokelewa, mpaka jioni moja Ernesta akapiga mwenyewe.

"Melkizedeki ameniita," alisema. "Ufunguo upo. Anataka niseme kwenye kamera kwamba magongo hayakuchukuliwa, na kwamba wewe ulikuwa umelewa."

"Sema, Ernesta. Sema nililewa. Chukua kizimba."

"Unaniambia tena la kufanya?"

Lemomo akasema polepole, "Hapana. Nisamehe. Ya kwanza nisamehe, na hii pia. Amua wewe. Mimi nitakuwa chini ya ngazi."

Kesho yake Ernesta alizipanda zile ngazi tena. Ufunguo ulikuwa mezani, umefungwa utepe mwekundu. Alijua kivuli chake kilikuwa wapi, na alijua mvua za masika zinavyoharibu ndizi zilizopangwa chini. Kijana wa kamera akawasha.

"Naitwa Ernesta, nauza ndizi," alisema. "Huyu bwana alinifichia magongo ili nionekane sijiwezi vya kutosha. Lemomo hakulewa. Kama kulikuwa na mlevi pale, tafuteni miongoni mwenu mlionyanyua mtu mzima kama kochi mkasema huko ni kumwinua."

Mpiga picha alicheka akajifanya anakohoa. Kizimba alipewa shemeji wa Bwana Melkizedeki, mwanamke mwenye miguu miwili mizima, aliyeazimwa kile kiti siku ya picha. Picha iliongea vizuri sana, wakasema.

Lemomo alikuwa chini ya ngazi, amevaa shuka jipya jekundu.

"Umepata?"

"Nimekosa."

"Na mimi wamenifuta kwenye matangazo yao yote."

"Vizuri. Utalala mapema."

Lemomo akaweka shuka lake vizuri begani, akasema, "Nataka kupanda Suji na wazee wangu, kama utaniruhusu."

Ernesta aliinamisha macho kwenye kitenge chake. "Na mama yako akiniona nilivyo?"

"Mama ana swali moja tu kwa mkwe: anajua kukamua?"

"Sijawahi kushika chuchu ya ng'ombe maishani mwangu!"

"Loo! Hapo sasa ndipo penye shida," alisema Lemomo, na uso wake ulikuwa wa wasiwasi wa kweli.

Ernesta alicheka mpaka ikabidi aegemee pikapu.

"Basi nifundishe," alisema, "kabla wazee hawajapanda."