Vishikio vya Dhahabu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidosho alipiga msasa mbao katika karakana ya baba yake, fundi wa majeneza. Wenzake walimtania kwamba kwao hawakosi wateja, naye hakujali. Aliipenda kazi, ila urembo aliupenda zaidi. Angeachiwa, hata ufagio angeufunga utepe.

Siku moja aliingia mke wa fundi viatu, jirani yao, macho yamemvimba. Mumewe alikuwa amefariki.

"Nitengenezee la kawaida, shemeji," alimwambia baba. "Liwe imara tu. Sitaki ushaufu."

Alipoondoka, Kidosho aliuliza, "Baba, ushaufu ni nini?"

"Urembo uliopita kiasi, mwanangu, wa kuvuta macho ya watu. Nipe bisibisi."

Kidosho hakuridhika. Fundi viatu ndiye aliyemshonea viatu vyake kila vilipoachama, na leo azikwe kama mtu asiye na wenyewe? Jeneza lilipokamilika, baba alitoka kidogo. Kidosho akafungua vishikio vyeusi vya chuma, akafunga vya plastiki vyenye rangi ya dhahabu. Hivyo vilikuwa pambo la kuwekwa juu ya kifuniko tu. Akazungushia utepe unaometameta, akalifunika jeneza kwa shuka. Wapwa wa marehemu walikuja wakalichukua hivyo hivyo.

Baba na bintiye walifika msibani wakati wanaume wanne wanatoka na jeneza mlangoni. Kishikio kimoja kikakatika. Pembe ya jeneza iligonga sakafu, na mwili ukasikika ukiserereka ndani. Mjane akapiga yowe.

"Fundi gani huyu?" alifoka mzee mmoja. "Umekuja kutuaibisha?"

Baba alivitazama vile vishikio, akaelewa, wala hakumtaja bintiye. Alikuwa tayari kuibeba aibu ile peke yake. Hilo lilimchoma Kidosho kuliko kofi.

"Ni mimi," alisema. "Baba aliweka vya chuma. Nimevibadilisha mimi."

"Kimbia kavilete," baba alisema.

Alipovileta, baba alipiga magoti mbele ya waombolezaji wote, akavifunga kimoja kimoja. Kidosho alimpa skrubu huku machozi yakimdondoka. Jeneza likanyanyuliwa tena, na safari hii likatulia mikononi.

"Nisamehe, mama," Kidosho alimwambia mjane. "Nilitaka apendeze."

"Najua, mwanangu. Lakini umenifanya nimsikie akianguka."

Waliporudi karakana, baba aliirudisha bisibisi mahali pake.

"Uliniuliza ushaufu ni nini," alisema. "Nilikujibu juu juu, hapo nimekosa. Urembo si kosa, anayeutaka namwekea. Ushaufu ni kuhangaikia kinavyoonekana kitu mpaka ukasahau kazi yake. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ila leo umesema kweli mbele za watu, na hilo nimeliona."

Akamwonyesha jeneza lililokuwa mezani.

"Kuanzia sasa, kabla halijatoka hapa, vishikio vyote unavijaribu wewe."

Kidosho alikishika cha kwanza, akakivuta kwa nguvu zake zote.