Mstari Ambao Chiriku Hakuutembea

Kila Jumamosi, akishafagia, Chiriku alimsaidia shangazi yake, mtafiti wa wanyamapori. Kwenye karatasi pana iliyofunika meza, kila kichaka cha mji wao kilikuwa nukta. Komba akiweza kuruka tawi kwa tawi kutoka kichaka hiki hadi kile, nukta mbili ziliunganishwa kwa mstari. Sharti lilikuwa moja: huchori mstari kabla ya kuiona njia kwa macho.

Tangu wamzike mama yake, moyo wa Chiriku ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

"Siku hizi chiriku amemeza ulimi!" binamu yake alimtania. 

Jumamosi moja asubuhi alitumwa akatazame kati ya kichaka cha shule na cha mtoni. Alikaa juu ya jiwe njiani, asiwaze lolote, kisha akarudi.

"Matawi yanagusana," alisema, akachora.

Shangazi aliinamia karatasi. "Afadhali! Basi wajenzi wakikata kichaka cha kando ya mashine ya kusaga kupitisha barabara mpya, komba wa mtoni watazungukia shuleni. Ngoja nimpigie msimamizi wao, anasubiri jibu langu."

Chiriku aliufunika mstari wake kwa kidole. Bila huo, nukta ya mtoni ilishikiliwa na kichaka cha mashine peke yake. Kikikatwa, ingebaki kisiwa, na komba wake wangekosa chakula na wenzi.

Mungu, nipe neno moja tu, aliomba kimoyomoyo.

"Shangazi, sikufika."

Shangazi aliweka simu chini. "Vaa viatu."

Walikwenda. Kati ya shule na mto palikuwa na uwanja mpana, mweupe kwa jua, bila hata mti mmoja. Shangazi akapiga simu palepale.

"Kichaka cha mashine kisiguswe. Ndicho kiungo pekee."

"Mama, unanirudisha nyuma!" msimamizi alilalamika. Mwishowe akakubali kuipindisha barabara.

Chiriku alingoja kugombezwa.

"Mwanangu," shangazi alisema, "huzuni si kosa. Siku ukishindwa, niambie umeshindwa, tuache karatasi tupu. Penye utupu tutarudi kutazama. Penye uongo hatarudi mtu, kwa sababu kila mmoja anaamini kazi imekwisha."

Chiriku aliutazama uwanja. Machozi hayakuja.

"Nimechoka, shangazi. Tangu tumzike mama."

"Ahsante kwa kuniambia," shangazi alisema, akamshika mkono.