Mayai Saba ya Alfajiri

Aliyenisimulia haya ni rafiki yangu Enid, mpishi wa kambi ya ndege za mabomu kule Lincolnshire, Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hakupepesa jicho.

Siku hizo mayai yalikuwa adimu. Walipewa askari wa ndege tu, wakirudi salama kutoka Ujerumani. Jioni ile Cyril, mpiga bunduki wa mkiani mwa ndege, alimtania rubani wake: "Usiporudi, bosi, yai lako halali yangu!"

"Bwege wewe, si tunapanda ndege moja?"

Kabla hakujapambazuka, kambi ikiwa giza totoro, Enid alisikia buti zikiburuzwa kwenye ukumbi wa chakula na viti vikivutwa. Ndege ya akina Cyril tu ndiyo ilikuwa haijarudi, basi akakaanga mayai saba ya watu wake saba, akayapeleka. Hapakuwa na mtu. Akaweka kila sahani mahali pake, akaenda kumuuliza ofisa wa zamu.

"Ndege yao iliwaka moto ikaanguka baharini saa nane usiku, binti. Wote saba."

Enid hakulia. Alirudi kutoa vyombo. Mayai matano yalikuwa yamepoa, hayajaguswa. Sahani mbili zilikuwa tupu, moja juu ya nyingine, mbele ya kiti cha Cyril, na kiini kilikuwa bado kinachuruzika kwenye uma.