Kibao chenye Jina la Casimir

Jioni ile Clotilde alikuwa anawaza samaki tu. Soko la Kikula hufungwa giza linapoingia, na Casimir, bwana yake, hakuwa mtu wa kuambiwa leo tunakula mboga ya majani. Akikuta ugali wa bukari bila samaki, mkanda ulitoka kiunoni kabla neno halijatoka mdomoni. Majirani walijua. Binti yao mdogo, Colette, alijua kuliko majirani. Akisikia viatu vya baba yake mlangoni, alijificha nyuma ya pipa la maji.

Basi Clotilde akawa anafunga madirisha ya ofisi haraka haraka, akili yote iko sokoni.

Ofisi yenyewe watu wa Likasi waliiita nyumba ya makaratasi. Serikali ilihifadhi humo kumbukumbu zote za zamani, tangu wakati wa Wabelgiji: nani alizaliwa, nani alipewa kiwanja, nani alifungwa, nani alikufa. Serikali mpya ilitundika picha ya rais ukutani, ikasema makaratasi haya sasa ni ya raia wote. Aje yeyote asome, mradi awe na kadi ya uraia, asomee palepale mezani, na dosiye, yaani faili, irudi rafuni kabla ya kufunga.

Mkuu wa nyumba hiyo, Papa Ambroise, alikuwa mzee mpole, lakini kwa jambo moja alikuwa mkali kama pilipili. Dosiye ikitoka rafuni, kibao kinaingia mahali pake. Kibao chembamba cha mti, kimeandikwa kwa chaki jina la mtu anayeibeba ile dosiye au la mdhamini wake. Pengo lisibaki wazi hata kidogo. Na rafu ya nyuma kabisa, yenye dosiye za watu waliofia Likasi bila ndugu, mzee aliishughulikia mwenyewe, peke yake. Clotilde aliona ni ukaidi wa uzee tu.

Siku hiyo Papa Ambroise hakuwepo. Alikuwa amekwenda Mulungwishi kuzika shemeji yake.

Taa zikafifia. Clotilde akatazama juu, akasonya. Umeme wa Mwadingusha tena, alisema moyoni. Zikafifia zaidi, zikabaki na rangi ya chai.

"Jambo, mama."

Alishtuka. Mlango haukulia, na mlango ule ulilia siku zote.

Mtu alisimama mbele ya meza, amevaa koti zito kwenye joto lile, kofia imeshuka hadi machoni. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kusema na yeyote.

"Jambo, papa. Tunafunga. Kuya kesho."

"Dosiye moja tu, mama. Ya Léon. Iko kwa rafu ya nyuma."

"Uko na karte?"

"Sina na karte."

"Hauna ndugu mwenye iko na karte?"

"Sina na ndugu."

Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Udongo. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa asubuhi.

"Na huyu Léon? Weye njo mutoto yake?"

"Tuko bamoja," alinong'ona.

Clotilde alimwonea huruma. Ndivyo alivyokuwa, na huruma yake ilikuwa imeshamponza mara nyingi. Msomaji asiye na kadi alihitaji mtu wa kumdhamini. Tena sheria haikumruhusu mwanamke mwenye bwana kumdhamini mtu kwa jina lake mwenyewe, hata kama ndiye mtumishi wa ofisi. Ilitaka jina la bwana. Kwa hiyo kila alipokuja mjane asiye na kadi, Clotilde aliandika Casimir kwenye kibao, maisha yakaendelea. Casimir hakujua, na hakuna aliyedhurika.

Akaandika Casimir.

Alikwenda rafu ya nyuma, akaitafuta dosiye ya Léon, akaivuta. Ilikuwa baridi. Akasukuma kibao ndani ya pengo...

Huko nyuma ya rafu, mtu alivuta pumzi.

Pumzi moja kubwa, ya ghafla, ya mtu aliyetumbukizwa kwenye maji baridi.

Panya, Clotilde alijiambia. Ni panya tu. Lakini miguu yake haikukubali maneno hayo, ilirudi mbio mezani. Akampa mgeni dosiye. Mgeni hakuifungua. Aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kama mtu anavyombeba mtoto aliyeugua. Clotilde akageuka kufunga dirisha la mwisho. Alipogeuka tena, hapakuwa na mtu.

Wala dosiye.

Kiti kilikuwa kimelowa, na juu yake kulikuwa na udongo.

Alikimbia hadi nyumbani. Soko lilikuwa limefungwa na mikono yake ilikuwa mitupu, ikabidi ajiandae kwa mkanda. Alipofika uani aliona viatu vya Casimir vimewekwa nje, pamoja, vizuri. Casimir hakuwahi kuvua viatu mlangoni tangu wafunge ndoa. Colette hakuwa nyuma ya pipa. Alikuwa amekaa kizingitini, anamtazama baba yake kwa mshangao.

Casimir alimwona mkewe. Alichuchumaa, akapiga makofi taratibu, kwa salamu ya wazee wa vijijini.

"Jambo, mama."

Sura ilikuwa ya Casimir. Kovu la kidevuni lilikuwa lake. Lakini sauti ile Clotilde alikuwa ameshaisikia jioni ileile.

Walikula majani. Hakusema lolote juu ya samaki. Aliosha sahani yake mwenyewe. Alipopita karibu, mkono wake ukagusa wa Clotilde, na ulikuwa na baridi ya dosiye.

Siku zikapita. Yule mtu hakunywa pombe ya lutuku. Alichota maji kabla ya kwenda kazini kwenye kiwanda cha Shituru, na huko, alisema kapita, msimamizi wake, alifanya kazi vizuri kuliko zamani, ila alikuwa amesahau majina ya vyombo vyote. Ukimwita Casimir alichelewa kuitika. Hakulala. Alikaa kitandani ameelekea ukuta, na chumba kizima kilinuka udongo. Clotilde aliogopa. Kila siku alirudi ofisini akisali Papa Ambroise arudi amwambie bwana yake yuko wapi.

Lakini tuseme ukweli wote. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupona. Na Colette alikuwa ameanza kuimba.

Papa Ambroise aliporudi kutoka msibani, Clotilde alimweleza yote. Mzee alitafuta kiti bila kukitazama, akakaa.

"Uliandika jina ya muzima? Kwa ile rafu?"

"Si njo vile tunafanyaka, papa?"

"Kwa zingine, ndiyo. Kwa ile ya nyuma, miye nachoraka musalaba tu." Alijifuta jasho. "Clotilde, kwenu muntu akikufa, munafanya nini?"

"Tunamupyana."

"Njo ile. Ndugu anakunywa mayi, anabeba jina yake na fasi yake. Mufu anaenda na amani. Bale ba nyuma, hakuna mwenye alibapyana. Balikuya kutafuta kazi, balikufa, banabakia karatasi tu. Banangoya fasi ya mwenye iko muzima. Na weye ulimupatia mumoja."

"Mbona haukusema?"

"Ningeambia nani? Bakubwa ba Lubumbashi? Bangesema mzee iko mulozi." Aliinamisha kichwa. "Niliogopa."

"Na bwana yangu? Iko wapi?"

"Kwenye uliandika jina yake."

Kisha mzee akamkabidhi kitambaa cha kufutia chaki.

"Mukono yenye iliandika njo itafuta. Mwite, futa jina, toa kibao. Atarudia. Yule mwingine atarudia fasi yake. Lakini leo, mama. Muntu akikaa mule siku mingi, anaoza jina."

Alikwenda peke yake. Mwanga wa jioni ulikuwa umebaki kidogo kwenye vioo vya juu. Harufu ya dawa ya naftalini ilimwacha nusu ya njia, ikaja ile nyingine. Udongo. Kila hatua, udongo. Rafu ya nyuma ilikuwa imejaa, imebanana, isipokuwa pale penye kibao. Chaki ilikuwa nyeupe vilevile.

CASIMIR.

"Casimir?" alinong'ona.

Kisha kucha zikakwaruza mti, kwa ndani.

"Clotilde..."

Machozi yakamtoka. Alikuwa bwana yake, sauti yake mwenyewe, imekonda. Alimpenda zamani, na pale alijua kwamba kipande cha upendo ule kilikuwa bado kipo.

"Niko hapa, Casimir."

"Baridi, Clotilde... Baridi mingi. Kuko bantu huku. Banashika miguu yangu..."

Akainua kitambaa. Mkono wake ulifika kwenye herufi ya kwanza.

"Futa! Weye mwanamuke, unangoya nini? Unasikia? Nikitoka hapa utaniona! Utaniona, weye na ile mutoto yako!"

Mkono ukasimama.

Labda ni woga uliomsemesha hivyo. Mtu anayezama humpiga hata anayemwokoa. Clotilde alijua hilo, na baadaye alijiambia hilo mara nyingi. Lakini wakati ule alisikia viatu mlangoni tu. Aliona pipa la maji, na nyuma yake macho mawili madogo gizani.

Akaweka kitambaa chini. Akaweka viganja vyote viwili juu ya kibao.

"Clotilde? Clotilde, hapana... Nilisema bure tu, mama... Clotilde..."

Akakisukuma ndani. Kikaingia chote, hadi mwisho, pasibaki hata pa kushikia.

Sauti ikakatika.

Papa Ambroise alikuwa anamngoja mlangoni na funguo mkononi.

"Ulifuta?"

"Nilifuta, papa."

Mzee alitazama kitambaa alichorudi nacho. Kilikuwa cheusi, safi, bila alama ya chaki. Alikitazama muda mrefu, akakikunja, akafunga mlango. Hakumuuliza tena siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Clotilde alitembea hadi nyumbani bila kukimbia. Alijisikia mwepesi, na wepesi ule ulimtisha kuliko kitu chochote alichokiona. Mtaani watoto walikuwa wanacheza, moshi wa makaa ulikuwa umetanda uani. Yule mtu alisimama mlangoni na taa nyuma yake. Colette alikuwa amelala begani kwake, mkono wake mdogo umemshika shingo.

"Asante, mama," yule mtu alisema.

Clotilde alinyoosha mikono amchukue mtoto.

Yule mtu hakumwachia. Alimpapasa Colette mgongoni polepole kwa mkono wake wa baridi, kwa upole mwingi.

"Kule nyuma tuko bengi," akanong'ona. "Balisikia namna uko na roho muzuri. Kesho mangaribi mumoja atakuya kuomba dosiye yake. Ni mwanamuke. Alikufa na mutoto mudogo mu tumbo, haina karte, haina ndugu..."

Akainama, akavuta harufu ya nywele za Colette.

"Kesho, mama, utaandika jina ya nani?"