Pazia la Seremala

Tangu mkewe aanze matibabu ya saratani ya matiti, seremala hakuwa na raha. Mikono ilipiga randa, lakini moyo ulikuwa nyumbani.

Jirani alimwambia kwamba maziwa hulisha saratani. Siku hiyo hiyo akaacha kuyanunua. Mwingine akamwambia kwamba mgonjwa asiguswe na jua. Akapigilia pazia zito dirishani kwa misumari. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kazi, lakini sasa alikatazwa hata kufagia.

"Baba watoto, umenifanya kuku anayeatamia," mkewe alisema. "Mayai yenyewe yako wapi?"

"Lala, mama. Kinga ni bora kuliko tiba."

"Tiba ninayo tayari. Ninachokosa ni jua!"

Seremala alicheka, lakini pazia hakulitoa.

Asubuhi moja mkewe aliinuka kwenda kunywa maji. Chumba kilikuwa giza. Alijikwaa kwenye kigoda, akaangukia mkono wa kulia. Hakuanguka kwa kishindo, lakini mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika.

Hospitalini, wakisubiri picha ya eksirei, seremala alijiuliza moyoni. Mbona umevunjika kirahisi hivyo? Je, saratani imeingia mifupani? Na mkono ule ndio wa kushonea.

"Saratani haijafika kwenye mifupa," daktari alisema alipoitazama picha. "Ila mifupa imepungua nguvu."

Mkono ukafungwa plasta. Kisha daktari akawapeleka kwa mtaalamu wa lishe, mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Dawa zako zinapigana na saratani," mama yule alieleza. "Lakini baadhi yake hudhoofisha mifupa. Usiziache. Tuilishe mifupa. Unakunywa maziwa?"

Mkewe akamtazama mumewe. Seremala akatazama viatu vyake.

"Nilimkataza mimi. Niliambiwa yanalisha saratani."

"Wengi huambiwa hivyo, baba. Hakuna uthibitisho. Maziwa yana madini ya kalsiamu, ndiyo yanayoimarisha mifupa. Yakimsumbua tumbo, ajaribu mtindi. Ale dagaa pamoja na mifupa yao, na mboga za majani. Maharage na mayai pia yanajenga mwili."

"Na jua?" seremala aliuliza.

"Linausaidia mwili kutumia kalsiamu. Apate kidogo tu, kwa sababu dawa nyingine hufanya ngozi iungue upesi. Muulizeni daktari. Muulizeni pia kabla ya kununua vidonge vya mifupa. Na atembee. Mfupa usio na kazi hulegea."

Machozi yalimlenga seremala. "Kumbe nilikuwa nabomoa, nikidhani najenga."

"Yaliyopita si ndwele, baba. Tugange yajayo."

Walipofika nyumbani, seremala aling'oa misumari. Aliondoa vigoda njiani, akafunga mpini wa kujishikia mlangoni mwa bafu. Maziwa yakarudi mezani. Asubuhi walitembea polepole, naye akiwa ubavuni, roho mkononi.

Plasta ilitolewa. Bado seremala aliogopa kuuliza kama mkono ule utashona tena.

Siku moja akiwa karakanani alisikia cherehani inalia. Akatupa randa, akakimbia. Mkewe alikuwa ameketi dirishani, jua limemwangukia magotini, akisukuma kitambaa kizito chini ya sindano.

"Unashona nini, mama?"

"Aproni yako ya kazi."

Seremala alikishika kitambaa, akaona matundu ya misumari. Lilikuwa pazia lake.

"Livae wewe," mkewe alisema. "Likiwa kifuani kwako, halitarudi dirishani kwangu."